Memphis: Mji wa Mto na Deni la Kanisa

Mji wa Memphis umejengwa kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Wageni huvutwa huko na mto wenyewe, na muziki wa mtaa wa Beale, na nyumba ya Graceland alimoishi Elvis Presley. Wengi hufika pia kwenye iliyokuwa hoteli ya Lorraine, ambako Mchungaji Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na ambayo tangu 1991 ni makumbusho ya haki za raia. Katika makala haya tunauliza: ni jambo gani lililomleta mchungaji huyo Memphis?

Aliletwa na kilio cha wazoa taka. Tarehe 1 Februari 1968 wawili wao, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka. Mtambo wa kushindilia ukaanza kufanya kazi ghafla, ukawaua. Tarehe 12 Februari wenzao wapatao 1,300, karibu wote watu weusi, waligoma wakidai usalama, ujira wa haki na kutambuliwa kwa chama chao. Meya Henry Loeb alikataa. Ndipo wakabeba mabango yaliyotangaza kwamba kila mmoja wao ni mtu. Sisi tuliofundishwa Katekismo Ndogo tunaitambua sauti hiyo: ni ungamo la kifungu cha kwanza cha Imani, likitamkwa barabarani.

Baadhi ya wachungaji walilisikia ungamo hilo mapema. Tarehe 23 Februari walipuliziwa dawa kali machoni na polisi walipokuwa wakiandamana na wagomaji. James Lawson, mchungaji wa Kimethodisti, alimwalika King. Kanisa la Clayborn Temple likawa mahali pa kukusanyikia, na katika Mason Temple King alitoa hotuba yake ya mwisho tarehe 3 Aprili.

Lakini wachungaji wengi weupe walikaa kimya. Tarehe 5 Aprili, siku moja baada ya mauaji, wachungaji weupe kwa weusi, pamoja na rabi James Wax, walikwenda kwa miguu hadi ofisi ya meya kumsihi. Tarehe 16 Aprili mgomo ulimalizika, chama kikatambuliwa na ujira ukaongezwa. Hatuwadharau waliokwenda siku ile, ilihitaji ujasiri. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba walikwenda wakati jeneza lilikuwa tayari.

Mwezi Aprili 2025 jengo la Clayborn Temple liliteketea kwa moto. Kuta za kumbukumbu huweza kuanguka, na makumbusho huweza kutembelewa pasipo toba. Urithi wa Memphis hutunzwa pale mchungaji anapomjua kwa jina mtu anayezoa taka za usharika wake, na kuuliza habari za ujira wake kabla hajaitwa kumzika.