Bahari Kati ya Galaksi

Mnamo Septemba 1984 kampuni ya Acornsoft ya mjini Cambridge, Uingereza, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Elite, kazi ya vijana wawili wa chuo kikuu cha mji ule ule, David Braben na Ian Bell, ambao hapo kabla walikwisha kuupeleka kwa kampuni ya Thorn EMI ukakataliwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa siku zile walizoea michezo ya dakika chache, yenye alama na roho tatu za kupoteza, wala si safari isiyo na kikomo. Mchezaji alikabidhiwa chombo cha angani na fedha 100, akaachiwa karibu na sayari ya Lave aende atakako. Akipenda afanye biashara ya vyakula na mitambo, akipenda awe haramia, ila askari wakimjia asimlaumu mtu.

Galaksi zilikuwa 8, na kila moja ina sayari 256, zote katika mashine ya BBC Micro ambayo kumbukumbu yake nzima ilikuwa kilobaiti 32. Na la kustaajabisha ni kwamba hapana orodha ya sayari hizo iliyowekwa humo: palikuwa na namba tatu za kuanzia tu, zilizojumlishwa kwa mfuatano ulio jamaa na ule wa Fibonacci, na kila zilipojumlishwa zikazaa jina la sayari, serikali yake na uchumi wake, hata mashine ikiisahau sayari leo, kesho huizaa tena vile vile bila kukosea herufi. Kwa hesabu hiyo galaksi zingaliweza kupita trilioni 281, lakini Acornsoft iliwashauri waandishi wazipunguze. Na katika kuchagua, galaksi moja ilitupwa kwa sababu hesabu, isiyojua haya, iliipa sayari mojawapo jina ambalo Mwingereza halitamki mbele ya mama yake.

Nahodha aliyetaka kuvuka kwenda galaksi nyingine hununua mtambo maalumu kwa fedha 5,000, akautumia mara moja tu, ukaisha. Lakini alivuka nini? Ndani ya mashine kila baiti ya zile namba za kuanzia ilizungushwa hatua moja, basi; na kwa kuwa baiti ina biti 8, aliyevuka mara nane alijikuta amerudi galaksi aliyoanzia, kama mtu aliyezunguka msikiti akadhani amesafiri. Masafa hayakuwapo. Palikuwa na bandari mbili zisizo na bahari kati yake, na kwangu mimi huo ndio upungufu wa mchezo ule, ingawa ujanja wake nausifu.

Warithi wake hawakuitia bahari hiyo maji. Elite Dangerous ya mwaka 2014 ina mifumo ya nyota bilioni 400 ya galaksi yetu peke yake, na wasafiri wake hwenda hata Beagle Point, yapata miaka-nuru 65,000 kutoka Jua, ambako hapana budi wageuke, kwani mtambo wa chombo hutaka nyota ya kulengwa, na mbele hakuna. No Man's Sky ya mwaka 2016 ina galaksi nyingi, lakini humtupa mtu kutoka moja hadi nyingine kwa kupita katika kitovu chake.

Aliyeutia masafa utupu huo ni Mrusi, Vladimir Romanyuk, ambaye programu yake, SpaceEngine, ilianza kutolewa mwaka 2010. Humo mtu huondoka katika galaksi yetu kuelekea Andromeda, iliyo umbali wa miaka-nuru kama milioni 2.5, na akienda kwa kasi ya nuru ataona picha imesimama kama iliyochorwa ukutani, hata azidishe kasi hiyo mara nyingi mno ndipo galaksi yake ianze kusinyaa nyuma. Akisimama katikati, nyota zimekwisha zote. Zimesalia galaksi, vidoa vya mwanga hafifu kila upande, na hapana kituo, wala soko, wala haramia wa kumkimbia.