Bukavu: Historia ya Mji wa Ziwani na Milimani

Mji wa Bukavu uko penye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, katika nchi ya Kongo, mahali mto Ruzizi utokapo ziwani na kuanza safari yake ya kuliendea Ziwa Tanganyika. Watu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaujua kwa jina tu, wala si ajabu, kwa kuwa habari zake zimeandikwa zaidi kwa Kifaransa. Hata hivyo huu ni mmoja wa miji mikubwa ya bara ambayo Kiswahili ndicho lugha ya soko lake na ya watoto wake wachezao njiani, ingawa hakuna kabila moja la asili katika milima ile lililokuwa likikisema tangu zamani. Jambo hilo lataka kuelezwa. Na maelezo yake hayapatikani ila kwa kutazama kwanza umbo la nchi yenyewe, kisha njia walizozifuata watu.

Ziwa Kivu limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na uso wake uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Zamani sana maji ya bonde hilo yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa mto Nili. Baadaye milima ya moto ya Virunga ilizuka upande wa kaskazini, ikaliziba bonde kama ukuta. Maji yakakosa njia, yakapanda, yakajaza mabonde madogo ya kandokando, hata mwisho, yapata miaka 10,000 iliyopita kwa makadirio ya wataalamu, yakafurika upande wa kusini na kujichimbia mkondo mpya. Mkondo huo ndio Ruzizi. Mto huu si mrefu, maana hauzidi sana kilomita 110, lakini katika mwendo wake huo huteremka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika makorongo yaliyo karibu na mji. Ndiyo sababu Wabelgiji walijenga hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtambo wa umeme uitwao Ruzizi ya Kwanza, ukafuatiwa mwaka 1989 na mtambo wa pili, ambao ni shirika la Kongo, Rwanda na Burundi.

Kupanda huko kwa maji ndiko kulikoupa mji sura yake. Mabonde yalipozama, migongo ya vilima iliyokuwa kati yao ilibaki ikichomoza majini, ikawa rasi nyembamba ndefu. Bukavu imejengwa juu ya rasi tano za namna hiyo, na wenye kuusifu huufananisha na mkono wa kijani uliotumbukizwa ziwani. Nyuma ya rasi nchi inapanda ghafula, na upande wa magharibi husimama milima ya Kahuzi na Biega. Kahuzi una urefu wa mita 3,308, na msitu wake, wenye sokwe wakubwa waitwao gorila, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Kwa ajili ya urefu huo, hewa ya Bukavu si ya joto japo mji uko karibu na mstari wa Ikweta. Wastani wake ni kama nyuzi 20 za sentigredi, na kiangazi halisi ni miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti. Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, wenye rutuba ukipandwa, wenye hatari ukivuliwa miti yake.

Nchi hii ni ya Bushi, nayo ni nchi ya Washi, watu wa kilimo na ng'ombe, waliokuwa na falme zao chini ya watawala waitwao Bami, mmoja wao Mwami. Falme zilizojulikana zaidi ni Kabare na Ngweshe. Mahali mji ulipo leo palikuwa chini ya mkubwa mmoja jina lake Nyalukemba, na jina hilo limebaki hata leo kwa mojawapo ya rasi. Ama jina la mji wenyewe, wenyeji hulifasiri kuwa limetokana na neno la Kishi *bunkafu*, yaani mahali pa ng'ombe. Maana *enkafu* ni ng'ombe, na kiambishi *bu-* ni kile kile ambacho Kiswahili hukitamka *u-* katika majina kama Unyamwezi na Usukuma. Kama neno hilo lingalizaliwa pwani, huenda lingalikuwa "Ung'ombe". Kwa hiyo tafsiri hiyo yaonyesha kwamba mahali hapa palikuwa malisho yenye wenyewe, wala hapakuwa pori tupu lililongoja kupewa jina na wageni.

Wageni wa kwanza waliosikiwa upande ule hawakuja moja kwa moja mpaka ziwani. Wafanyi biashara wa Ujiji, Waarabu na Waswahili, walikuwa wakipanda Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na majahazi hadi Uvira, kutafuta pembe na watumwa. Na Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 waliambiwa kuwa huo ndio mwisho wa safari za wachuuzi upande wa kaskazini. Wageni hao wawili walikuja kwa ajili ya swali moja: je, mto Ruzizi waingia katika Tanganyika au watoka? Kama watoka, huenda ndio asili ya Nili. Wana wa mtawala wa Uvira waliwajibu waziwazi kwamba mto waingia. Lakini wanajiografia wa Ulaya hawakuacha kubishana, hata Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi wa Novemba mwaka 1871, wakaufikia mlango wa mto, wakaona kwa macho yao kwamba maji yaja ziwani. Jibu la wenyeji, lililotolewa miaka 13 mbele, lilikuwa sahihi.

Hata hivyo makorongo ya Ruzizi na falme za milimani ziliizuia biashara ya Ujiji isiote mizizi Kivu kama ilivyoota Manyema. Nchi ya Burundi, chini ya Mwezi Gisabo, iliyapinga mashambulio ya Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza. Na kabla biashara hiyo haijapata nguvu mpya, nguvu ya Rumaliza ilivunjwa na Dola Huru ya Kongo katika vita vya mwaka 1892 hadi 1894. Kwa hiyo Kiswahili kilisimama mlangoni mwa Kivu, hakikuingia sana wakati huo. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani laonyesha kuwa Kiswahili cha Bukavu hakikuletwa hasa na misafara.

Mwaka 1894 Mdachi Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda na kulifikia Ziwa Kivu, akiwa Mzungu wa kwanza kuliona. Tangu hapo ziwa likawa kitu cha kugombaniwa. Majeshi ya Dola Huru yalikuja, yakapigana na Wanyarwanda huko Shangi mwaka 1896. Lakini mwaka uliofuata askari wa Kongo waliasi katika safari ya Dhanis, na vita vya waasi hao vilipofika Kivu, vituo vya Dola Huru vikaachwa na Wadachi wakavitwaa. Mapatano ya muda yakafanywa mwaka 1899, na kituo cha Bukavu hutajwa kuwa kilianzishwa mwaka 1901, Wabelgiji wakikaa upande mmoja wa Ruzizi na Wadachi upande wa pili. Ugomvi ulikatwa mwaka 1910, mpaka ulipowekwa katikati ya ziwa na kuufuata mto, na kisiwa cha Idjwi kikapewa Kongo. Hivyo mto ambao maji yalijichimbia ukawa ukuta wa mataifa, na kituo kidogo cha askari kikajikuta kiko penye kizingiti cha mlango. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Wadachi walikitwaa kisiwa cha Idjwi mwezi wa Septemba 1914, na mwezi wa Aprili 1916 Wabelgiji waliuvuka mpaka kuiingia Rwanda, wakaendelea hadi Tabora.

Baada ya vita kituo kilianza kuwa mji. Mwaka 1927 kilipewa jina la Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans, aliyekuwa Makamu wa Gavana Mkuu, na mwaka 1933 kikafanywa makao makuu ya jimbo. Jina la Bukavu lilirudishwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali ya Kibelgiji ilipenda Kivu iwe nchi ya walowezi. Mwaka 1928 iliunda Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka juu ya ardhi kubwa mno, na mashamba ya kahawa, chai na mikwinini yakapandwa vilimani. Katika mji wenyewe ardhi iligawanywa kwa kufuata umbo lake. Rasi, zenye upepo wa ziwa na nchi iliyo tulivu, zilikuwa za Wazungu, wakajenga nyumba zao za mtindo mpya wa miaka ya 1930 na 1940; Waafrika wakawekwa mbali na maji, juu ya miteremko ya Kadutu, na baadaye Bagira, ambako nyumba za safu zilijengwa katika miaka ya 1950. Tarafa tatu za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira, zingali zikionyesha mgawanyo huo.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopata makao. Katika Kadutu walikutana Washi, Wahavu, Warega, Wafuliru, Wabembe, watu wa Manyema na Wanyarwanda, wakiwa makarani, wapagazi, mafundi na watumishi wa nyumbani. Kishi kilikuwa lugha ya walio wengi vijijini, lakini mjini hakikuwa cha wote. Na lugha iliyowaunganisha ilikuwa tayari mikononi mwa askari, wamisionari na waajiri, ambao Wabelgiji waliiita Kingwana, neno litokanalo na waungwana. Kwa hiyo Kiswahili cha Bukavu ni mtoto wa mji, si wa msafara. Alama za lugha za jirani zimo ndani yake waziwazi: husemwa *batoto* penye *watoto*, na kitu kidogo hupewa *ka-*, wingi wake *tu-*, kama *katoto* na *tutoto*. Wako waliokiita lugha iliyoharibika. Lakini aina hizo hazikutokea ovyo. Ni sarufi ya Kibantu iliyo kamili, iliyopokewa kutoka Kishi na lugha za jirani, na wasemaji wake hawaikosei. Hata vijana wa mji walibuni msemo wao, uitwao Indubil, uchanganyao Kiswahili, Lingala na Kifaransa, ambao mtaalamu Didier Goyvaerts alichapisha uchunguzi wake mwaka 1988.

Tangu uhuru wa mwaka 1960 mji huu umetwaliwa na kukombolewa mara nyingi kupita kiasi. Mwisho wa mwaka huo huo majeshi ya Stanleyville, ya upande wa Lumumba, yaliushika, na jaribio la Mobutu la kuurudisha kwa kupitia Usumbura likashindwa. Mwezi wa Agosti 1964 waasi wa Simba waliushambulia, wakarudishwa nyuma. Mwaka 1967 askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliushika tangu Agosti hadi Novemba, kisha wakauvuka mto kuingia Rwanda, wakiuacha umebomoka. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi kwa malaki walimiminika Kivu ya Kusini. Mwezi wa Oktoba 1996 majeshi ya Rwanda na waasi wa AFDL waliutwaa mji, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Mwezi wa Juni 2004 mji uliangukia kwa siku chache mikononi mwa Nkunda na Mutebutsi. Na mwezi wa Februari 2025 ukatwaliwa na M23. Katika miaka hiyo ya vita ilianzishwa Hospitali ya Panzi, mwaka 1999, ambayo mwanzilishi wake, Denis Mukwege, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Atazamaye ramani haoni mambo haya kuwa ni bahati mbaya tu. Bukavu imebanwa kati ya ziwa na mlima, mpaka wa nchi umo ndani ya wigo wake, na mji mkuu wa Kinshasa uko mbali zaidi ya kilomita 1,500, ng'ambo ya misitu isiyo na barabara ya kuaminika. Ashikaye madaraja ya Ruzizi na njia ya kusini iendayo Uvira amekwisha kuushika mji.

Lakini hatari isiyotangazwa sana ni ya udongo. Mji uliopangwa kwa ajili ya watu wachache sasa wakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni moja, kwa kuwa vita vya vijijini vimewasukuma watu waje kutafuta usalama. Rasi zimejaa, na wageni wamejenga juu ya miteremko ile ile waliyopewa babu zao, na mingine iliyo mikali zaidi. Miti imekatwa, mifereji haitoshi, na kila masika udongo mwekundu huporomoka pamoja na nyumba. Watu husema ni kazi ya mvua. Mvua imekuwako tangu zamani. Kilichobadilika ni nani amewekwa wapi. Mpaka uliochorwa kati ya rasi na mteremko katika siku za Costermansville umedumu kuliko jina lenyewe, na wanaolipa gharama yake ni wakaao Kadutu, ambao ndio walioupa mji lugha yake.