Kabla ya Bongo Movie Kulikuwa na Huyu: Staringi wa Sinema Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Wadau, leo tunarudi nyuma, tena mbali. Ukimuuliza mtu wa rika letu filamu za Kiswahili zilianza lini, wengi watakutajia Girlfriend ya 2003, wengine watarudi kwenye michezo ya Kaole. Ukimtajia jina Muhogo Mchungu, atamkumbuka yule mzee wa vichekesho kwenye runinga. Sawa kabisa. Ila Muhogo Mchungu ni jina la sinema pia, ya mwaka 1952, nyeusi na nyeupe, imetengenezwa hapa hapa Tanganyika na watu wanaongea Kiswahili. Na staringi wake alikuwa kijana mmoja wa kutoka Songea, mtumishi wa serikali, ambaye miaka 10 mbele alikuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe.

Mimi nilivyojua hii kitu niliwauliza washkaji hapa Mzinga, hakuna aliyeniamini. Picha tuliyonayo ya Kawawa ni ya mzee wa kofia na suti ya Chou En-lai, amekaa karibu na Mwalimu. Kumbe jamaa alikuwa anajulikana kwa sura kabla hata TANU haijazaliwa.

Sasa tuwe wakweli, Mwingereza hakuleta kamera kwa kupenda sanaa. Mwaka 1935 kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, hela nyingi ikitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani. Mpaka unafungwa 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Mambo yenyewe ni safura, kilimo, kuweka akiba Posta. Sauti haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye santuri pembeni, kwa hiyo wakifika kwa watu wa lugha nyingine wanabadilisha santuri tu. Halafu lori linazunguka, linatoka Tanganyika mpaka Kenya, Uganda, Nyasaland. Jioni watu wanakaa chini uwanjani, kitambaa kinatundikwa, jenereta linanguruma. Banda umiza, ila bila banda na bila kiingilio.

Tatizo mahubiri yanachosha. Kuanzia 1951 serikali ya Tanganyika ikaingia makubaliano na kampuni ya Johannesburg, African Film Productions, zikaanza kutoka sinema zenye hadithi kamili. Chalo Amerudi, Muhogo Mchungu, Wageni Wema. Hapo ndipo Kawawa anaingia. Alikuwa amemaliza Tabora, na historia yake inasema nafasi ya kwenda Makerere aliiacha ili afanye kazi asomeshe wadogo zake. Hiyo peke yake ni filamu ya familia tosha! Akawa kwenye mambo ya ustawi wa jamii, na kwenye kamera wakaona anafaa.

Hadithi zenyewe ungezitambua leo leo. Mtu wa shamba anaingia mjini, wajanja wa Dar wanamchezea. Kijijini wanamsubiri. Bongo Movie ngapi zimepita hapo hapo? Tofauti ni kwamba zile za 1952 zilikuwa na mtu nyuma yake anayetaka ujifunze kitu: mji ni hatari, wewe kaa kwenu, lima. Serikali ilikuwa inaogopa vijana wakijazana mjini.

Linganisha na wenzetu wa mbali kidogo. Mexico mwaka 1949 ilitoka Una familia de tantas ya Alejandro Galindo, nyeusi na nyeupe vile vile, Kispanyola. Baba, kaigiza Fernando Soler, anaendesha nyumba kama kambi ya jeshi, mpaka anaingia kijana anayeuza mashine za umeme za kufagia na binti mmoja wa mle ndani anampenda. Ukipenda tamthilia za Kimeksiko, babu yao ndiyo huyo. Lakini pale ni Wameksiko wenyewe wanamsema baba wa Kimeksiko. Hakuna gavana anayewafundisha kuishi. (Halafu yule baba angezaliwa Uluguruni angepata shida. Huku ukoo unafuata mama, na mjomba ana neno lake. Angefoka mpaka lini?)

Na usifikiri Moro ya wakati ule ilikuwa mbali na Kispanyola. Salum Abdallah alianzisha bendi hapa mjini kwa jina la La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba, kwa sababu ya santuri za Cuba. Yaani wazee wetu walijichagulia wenyewe cha kupenda, bila lori la serikali.

Ya serikali yalikuwa mengine. Miaka ile ile ambayo sinema zinafundisha watu kuishi, hapa juu milimani Waluguru walikuwa wanalazimishwa kukata ngazi mashambani, mpango ulioanza 1950. Akina mama wanachimba kwa amri. Julai 1955 watu wakagoma, ikawa vurugu Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Hiyo hakuna aliyeitolea sinema, na mimi naona ndiyo ilikuwa na stori kuliko zote.

Kawawa naye hakukaa kwenye mkanda. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kufanya kazi na Wakikuyu waliowekwa kizuizini. Oktoba 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, yeye ndiye katibu mkuu wa kwanza. Akaacha kazi ya serikali, akaingia TANU. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, kiti akapewa yeye. Serikali iliyomfundisha kusimama mbele ya umati ilikuwa imeshaondoka. Alifariki Desemba 31, 2009, na kwenye maombolezo yote yale uigizaji wake ulipewa sentensi moja moja.

Angalau yeye alipata sentensi. Mle ndani kuna dada waliocheza wachumba, kuna wazee waliocheza wazazi, kuna walioigiza wale matapeli wa mjini. Mwaka 1952 mwanamke kusimama mbele ya kamera, watu wote wamuone uwanjani, halafu arudi nyumbani kwa mumewe au kwa baba yake, lilikuwa jambo zito. Leo ukimtaja mtu wa sinema zile anatajwa Kawawa tu. Nani alikuwa mchumba wake kwenye picha?

Kama una bibi wa Dar mwenye miaka 90 hivi, muulize kama aliwahi kuwajua. Akikupa jina, liandike hapo chini.