Meno ya watoto wa Likasi: kutoka mizani ya kampuni hadi mswaki wa nyumbani

Ndugu wasomi, leo naleta historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Tunajua mwaka wa 1906, Union Minière ilipoanzishwa. Tunajua mapigano ya Jadotville ya 1961, na jinsi mji ulivyorudishiwa jina la Likasi mwaka wa 1966. Lakini mtoto wa miaka mitano akilia usiku kule Kikula kwa sababu ya jino, tunamwambia mama yake: "Acha, ni jino ya utoto, itaanguka." Maneno hayo yana gharama, na historia inaonyesha kwa nini.

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mengi waliamini kwamba jino linatobolewa na mdudu. Hata sisi bado tunasema "jino limeliwa". Mwaka wa 1890, Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti Berlin, alieleza kazi ilivyo: vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na wanga, vinatoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha jino polepole. Baadaye, kuanzia 1945, huko Vipeholm nchini Sweden, watafiti walitumia wagonjwa wa akili kuchunguza jambo hilo. Waliwalisha tofi zinazonata ili waone meno yao yakioza. Wagonjwa wale hawakuombwa ruhusa, na leo utafiti huo unatajwa kama aibu. Lakini walichokilipia kwa meno yao ni hiki: hatari haiko kwenye kiasi cha sukari peke yake, iko pia kwenye mara ngapi kwa siku sukari inaingia mdomoni, hasa ile inayonata, inayoliwa katikati ya milo.

Turudi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilichoka kutafuta wafanyakazi wapya kila mara. Ikaamua mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo. Mama alipeleka mtoto apimwe uzito, watoto walipewa chakula, na baba alipokea poso. Neno hilo poso, yaani chakula cha juma, wengi wetu tunalitumia hadi leo kusema wiki! Nkambo yangu alikuwa akisema: "Kampuni njo ilikuwa baba, njo ilikuwa mama."

Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Mtoto wa kambini alihesabiwa kama mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo, watoto waliponea pale, hilo tusilikatae. Shida ni kwamba afya ilikuwa kitu cha kupewa. Tena mizani haioni meno: mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri na mdomo umejaa mashimo.

Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kuandika kitabu mwaka wa 2001 ambacho jina lake linasema yote: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba alipoondoka, sukari ilibaki. Chai ya sukari asubuhi, pipi ya franga chache njiani kwenda shule, chupa ya sukre siku ya sherehe.

Sasa tuende Tanzania, maana kuna jambo la kutupa moyo. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake, wakifanya kazi na shule ya meno ya Dar es Salaam, walikuwa wakitibu watu mahali ambapo umeme na mashine havikutegemewa. Wakajaribu njia ya mkono: kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vidogo, kisha kuziba kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino na kutoa floridi. Hakuna mashine ya kutoboa, na mara nyingi hakuna sindano. Saruji hiyohiyo inaweza kuziba mitaro ya jino zima kabla halijaoza. Tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Ilizaliwa mahali palipokosa vitu, kama hapa petu.

Mwaka wa 2021, shirika hilo liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni ile tube ambayo wengi tunaiita Colgate hata kama ni ya kampuni nyingine. Mtoto chini ya miaka mitatu anatosha na kiasi cha punje ya mchele; akifika mitatu, punje ya njegere. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikose. Mtu mzima ndiye ashike mswaki, maana mkono wa mtoto bado. Baada ya hapo, asilale na chupa ya maziwa au chai mdomoni.

Na lile "itaanguka"? Karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, linaota gego ambalo halikungoja jino lolote lianguke. Wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto. Hapana, hilo ni la maisha yote. Likioza, hakuna lingine.

Ndugu zangu, tuna diploma, na nyumbani tuna wadogo zetu na watoto wa dada zetu. Mizani ya kampuni haitarudi Panda wala Shituru. Leo jioni, mwite mmoja, mwambie afungue mdomo, uangalie kule nyuma.