Kinolewacho Hupata: Tupa na Ndoana katika Historia ya Uvuvi

Methali yetu husema kinolewacho hupata. Wanafunzi wengi wa Kiswahili huku Uganda hudhani kitenzi "pata" hapa kina maana ya kupokea kitu. Kisu kinachopata ni kisu kikali. Katika insha hii ninatumia methali hiyo kuangalia chombo kimoja kidogo, yaani ndoana, na kingine kinachoitunza, yaani tupa. Hoja yangu ni kwamba wanahistoria wameandika sana kuhusu waliotengeneza ndoana, lakini wamewasahau wanaozinoa. Tukiwarudisha wanoaji, picha ya mvuvi wa Afrika hubadilika.

Nianze na zama za kale. Huko Ishango, ukingoni mwa Ziwa Edward upande wa Kongo, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 vyusa vya mifupa vyenye meno, vya miaka 20,000 hivi iliyopita. Katika pango la Sakitari, Okinawa, zimepatikana ndoana za gamba la konokono wa bahari zenye umri wa miaka 23,000 hivi. Ndoana hizo zilitengenezwa kwa kusuguliwa. Hapa kuna jambo la kuzingatia: kwa mfupa na gamba, kutengeneza na kunoa ni kazi moja. Aliyejua kuunda ncha alijua pia kuirudishia ukali.

Lugha zetu nazo ni ushahidi. Kwa Kiganda, kuvua kwa ndoana ni okuloba na ndoana ni eddobo. Kwa Kinyarwanda na Kirundi kuvua ni kuroba. Wanaisimu huhusisha maneno haya na mzizi mmoja wa Kibantu wa kale. Kwa hiyo babu zetu walivua kwa ndoana kabla meli yoyote ya Ulaya haijaleta shehena ya ndoana za kiwandani.

Huko Uingereza pia mvuvi alijitengenezea. Kitabu cha uvuvi kilichochapishwa mwaka 1496 kinamfundisha msomaji kuchukua sindano, kuichoma kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, kuinua kijino kwa kisu, kuchonga ncha, kuikunja, kisha kuipa ugumu tena. Miongoni mwa vifaa anavyotakiwa kuwa navyo, tupa imo.

Mgawanyo wa kazi ulikuja baadaye. Mji wa Redditch ukawa kitovu cha sindano na ndoana. Waliochonga ncha za sindano waliinamia mawe makavu ya kunolea yaliyozunguka kwa kasi, wakavuta pumzi yenye vumbi la jiwe na chuma. Wengi walikufa vijana kwa maradhi ya mapafu. Zilipobuniwa feni za kuondoa vumbi, baadhi yao walizipinga, wakiogopa kwamba kazi ikipungua hatari, mshahara nao utapungua. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na wakati mwingine vimeundwa kwa uhai wa watu.

Kisha mashine ikaingia. Kampuni ya Mustad ya Norwei ilianza mwaka 1877 kutumia mashine ya kutengeneza ndoana iliyobuniwa na Mathias Topp. Ndoana zikawa nyingi na rahisi, zikafika hata kwenye maduka ya mialo yetu. Mvuvi akawa mnunuzi wa ndoana. Je, alipoteza ufundi wake wote? Jibu langu ni hapana. Ufundi ulihamia kwenye tupa.

Sababu ni sangara, ambaye huku tunamwita mputa. Samaki huyu alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anaweza kufikia kilo 200, na kinywa chake ni kigumu. Wavuvi wengi humtega kwa mshipi mrefu unaobeba ndoana mamia kadhaa. Ndoana hizo hugonga mawe, hukwaruza mifupa ya taya na kushikwa na kutu. Ndoana butu huteleza, samaki akaenda na chambo. Chambo hununuliwa, na petroli ya injini hununuliwa. Basi ukali wa ncha ndio unaoamua kama safari imelipa.

Mjomba wangu ni mvuvi katika visiwa vya Ssese, na kwake nimejifunza utaratibu wenyewe. Huishika ndoana kwa shina, ncha ikitazama juu. Hupitisha tupa ndogo kuelekea kwenye ncha, pande mbili kisha mgongoni, mara tatu au nne kila upande. Hagusi kijino, kwa kuwa kikilika samaki huchomoka. Halafu huiburuta ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, bado ni butu. Iking'ang'ania, inatosha. "Mwanangu, tupa hula chuma," huniambia, "usiilishe kupita kiasi." Tupa pia huondoa ngozi ya juu inayozuia kutu, kwa hiyo baada ya kunoa hukausha na kupaka mafuta.

Siku hizi kuna ndoana zinazonolewa kiwandani kwa tindikali, kali ajabu tangu zikiwa mpya. Wenzangu wengine husema basi tupa ni alama ya umaskini: asiye na pesa ndiye anoaye. Sikubaliani nao. Hata ndoana ya tindikali hugonga mwamba. Asiyejua kunoa hulazimika kurudi dukani, mara nyingi kwa mkopo, na mkopo wa mwaloni hulipwa kwa samaki kwa bei anayoipanga mkopeshaji. Anayejua kunoa huahirisha deni hilo. Tupa, basi, ni sehemu ya uhuru wake.

Kwa kuhitimisha, historia ya teknolojia barani Afrika isiishie bandarini, pale bidhaa iliposhushwa. Ifuate bidhaa hiyo mpaka mikononi mwa anayeitumia, anayeikarabati na kuirefushia maisha. Huko ndiko tutakakowakuta mafundi wetu ambao vitabu havijawataja.