Tabora enzi za santuri: ngoma mpya ilivyopokelewa na mashabiki

Siku hizi albamu ikidondoka saa 6 usiku, ikifika saa 6 na nusu shabiki ameshatoa hukumu: huu mkali, huu wa kuruka, bendi imeisha. Bando tu ndiyo tatizo lake. Sasa mfikirie shabiki wa Tabora miaka ya 1960 na 1970, mji una Kiko Kids, una Nyanyembe Jazz, una Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Bendi tatu za magitaa ya umeme, mji mmoja. Hapo huwezi kukaa katikati, lazima uwe na upande.

Albamu kwa maana ya leo haikuwepo kivile. Kilichotoka ni kisanturi kidogo, mara nyingi wimbo mmoja tu uliokatwa vipande viwili. Upande wa kwanza waimbaji wanamaliza kisa chao, unageuza, upande wa pili magitaa na tarumbeta zinachachamaa. Dakika kama 3 kila upande. Ukumbini wimbo huohuo uliendelea mpaka wachezaji wachoke.

Ndiyo maana shabiki wa Tabora hakuwa mtu wa kushangaa wimbo mpya. Alishaucheza ukumbini kabla haujarekodiwa, anajua solo inaingia wapi. Kwa hiyo kusikia santuri au redio kwa mara ya kwanza ilikuwa ni kukagua: mbona wameufupisha? Mbona besi imejificha? Sikio kali kweli, tena bila hedifoni.

Na kurekodi kwenyewe ilikuwa safari. Bendi inapanda treni zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, inaingia studio ya Radio Tanzania, wote wanapiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, mnaanza upya, hakuna cha kurekebisha baadaye. Halafu kanda inabaki redioni, na shabiki anasubiri vipindi vya salamu ili ausikie wimbo wa kwao ukitokea mbali.

Muziki kusafiri njia hii siyo jambo jipya. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapahapa, wapagazi wa Kinyamwezi wakitembea kwa nyimbo, kirangozi mbele. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Baadaye santuri za Kuba na rumba ya Kongo zikapita njia hizohizo, na wanamuziki pia. Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha" ya Tabora Jazz, alitokea Kigoma.

Kilichouma ni hiki. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kazi hiyo ilifanyika Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Miaka sita! Bendi ziliendelea kupiga na redio iliendelea kurekodi, lakini shabiki aliyetaka kuushika wimbo mkononi, kuuweka kwenye gramafoni yake mwenyewe, alibanwa. Wenye redio za kaseti wakajirekodia hewani, na sauti ya mtangazaji ikiwa ndani yake.

Hapo ndipo yule mkaguzi wa ukumbini anakuwa mtu muhimu. Wimbo ambao haukufika studio, au kanda yake imekaa rafuni bila kupigwa, umebaki kwenye kichwa cha babu fulani pale Tabora anayeweza kukuimbia solo ya gita kwa mdomo, noti kwa noti, kisha akakwambia kwa nini Nyanyembe walikuwa zaidi. Jirani yake wa Tabora Jazz atakataa palepale.

Nyumbani kwenu wazee walikuwa upande gani?