Mafuvu ya Maniema: Mila katika Riwaya na Mila katika Historia

Katika riwaya ya Joseph Conrad iitwayo Heart of Darkness, iliyotolewa kwanza katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, msimulizi anaitazama kwa darubini nyumba ya Kurtz, wakala wa pembe za ndovu, na kuona vichwa vya watu vimechomekwa juu ya miti. Kurtz ni Mzungu. Hata hivyo riwaya yadokeza kwamba ukatili huo ameambukizwa na msitu pamoja na ibada za wenyeji zisizotajwa majina. Hivyo mkono ni wa mgeni, bali asili ya tendo yahesabiwa kuwa mila ya Mwafrika. Chinua Achebe aliipinga picha hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1975. Kwa mwanafunzi wa historia ya Maniema, kuanzia Wamaza na Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, swali ni hili: mafuvu yaliyoonekana kweli katika nchi hii yalikuwa mila ya nani?

Ushahidi wa kwanza ni wa H. M. Stanley. Mwishoni mwa mwaka 1876, baada ya kuondoka Nyangwe pamoja na Tippu Tip, aliona katika kijiji cha Kampunzu safu mbili za mafuvu. Wenyeji walimweleza kuwa ni ya soko, yaani sokwe. Alichukua mawili hadi Uingereza, na mtaalamu T. H. Huxley akaamua kwamba ni ya binadamu. Lakini uamuzi huo wathibitisha jambo moja tu, nalo ni aina ya mifupa. Hautuambii watu wale walikufa vipi, wala desturi iliyofuatwa ilikuwa ya matanga, ya vita au ya hukumu.

Ushahidi wa pili ni wa daktari S. L. Hinde, aliyefuatana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894, ambamo Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893. Kitabu chake cha mwaka 1897 chaeleza kwamba huko Ngandu, mji wa Ngongo Lutete kando ya mto Lomami, boma lilipambwa kwa mafuvu na njia ya langoni ikatandazwa mafuvu. Hata tukikubali maelezo hayo yote, yatupasa kuuliza Ngongo alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakulia katika vikosi vya wavamizi, akapata nguvu kwa bunduki na biashara ya pembe chini ya Tippu Tip. Mwaka 1892 alijiunga na Dola, na Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyohiyo wakamwua kwa risasi. Boma la Ngandu basi lilikuwa zao la vita vya kizazi kimoja, wala si urithi wa mababu.

Ushahidi wa tatu unaikaribia riwaya zaidi. Msafiri E. J. Glave aliandika mwaka 1895 kwamba huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, vichwa 21 vililetwa kutoka vitani, na Kapteni Léon Rom akavifanya pambo la kuzunguka bustani ya maua mbele ya nyumba yake. Shajara ya Glave ilichapishwa mwaka 1897. Conrad mwenyewe alifika Stanley Falls mwaka 1890, kabla ya jambo hilo. Kufanana kwa Rom na Kurtz hakuthibitishi kuiga. Kwaonyesha kwamba tendo hilo halikuhitaji ibada yoyote ya msituni ili litendeke.

Kwa upande wa pili ipo mila yenyewe. Miongoni mwa Walega, fuvu na pembe vilikuwa na maana nyingine kabisa. Chama chao cha bwami, kilichochunguzwa na Daniel Biebuyck, kilifundisha adabu na kiasi kwa methali, ngoma na sanamu. Vinyago vidogo vya pembe viitwavyo lukungu, jina lenye maana ya fuvu, vilimkumbusha mrithi wazee waliomtangulia. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho.

Si kusudi hapa kuwatakasa mababu. Utumwa ulikuwapo, na mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, aliyoyashuhudia Livingstone, yalitendwa na watu wa misafara ya pembe na watumwa. Lakini neno mila lamaanisha jambo lililorithiwa, lenye kanuni na wazee wa kulilinda. Boma la Ngandu na bustani ya Rom havikuwa na sifa hizo. Vilikuwa na bunduki na bei ya pembe. Msikilizaji wa ngano ajua kwamba zimwi halina kijiji kwenye ramani. Msomaji wa riwaya hakupewa tahadhari hiyo, na kwa sababu hiyo jina la Maniema liliendelea kubeba lawama ya biashara iliyoiteketeza.